Mia Mbili kwa Debe

Jumamosi, 3 Juni 1995

Shule ilifungwa jana. Mkuu wa shule alisoma majina ya wadaiwa mstarini, taratibu, kama padri anayesoma majina ya marehemu Novemba. Mimi nilikuwa wa nne. Elfu thelathini na sita.

“Ijumaa ya tarehe 29 Septemba, saa nane mchana, nafunga orodha ya kidato cha tatu watakaofanya mtihani mwakani,” alisema. “Asiyelipa hamo. Na msiniletee machozi. Machozi hayana risiti.”

Wavulana wa nyuma wakacheka. “Kuni imelowa,” mmoja akasema. Hilo ndilo jina langu kwao. Kunigunda ni refu, wamelikata wapate la kutania.

Sina baba wa kwenda kumlilia. Alikufa mwaka juzi kwa kifua. Mikahawa yake shambani, miti mia nne na kidogo, baba mkubwa Pankras aliichukua “kuiangalia” mpaka mdogo wangu Kilian akue. Kilian ana miaka tisa. Itaangaliwa sana.

Sare ninayovaa niliinunua mwenyewe kwa kuuza maparachichi stendi ya Mbinga. Viatu, mwenyewe. Madaftari, mwenyewe. Na hii nitaitafuta mwenyewe. Mama amesema nikipungukiwa mwishoni tutamwuza mbuzi. Mbuzi ni elfu nane, siku ya soko zuri.

Jumapili, 4 Juni

Zimepatikana kazi mbili kwa siku moja. Mwaka jana nilitafuta mwezi mzima nikaambulia kuchota maji ya mama lishe.

Ya kwanza ni kwa Meshack, wakala wa wale wanunuzi binafsi waliokuja baada ya serikali kuruhusu kila mwenye mzani anunue kahawa. Ana ghala nyuma ya soko. Anataka wasichana wa kuchambua kahawa, kutoa mbovu na zilizovunjika. Siku nzima mia tatu na hamsini, nusu siku nusu yake, analipa jioni. Anaanza Julai. Eunice, ninayekaa naye dawati moja, amekubali papo hapo. Eunice ni wa Mbamba Bay, amepanga chumba hapa mjini, na deni lake ni elfu kumi na moja tu.

Nimepiga hesabu. Jioni tano na Jumamosi moja ni elfu moja mia mbili ishirini na tano kwa wiki. Wiki kumi na mbili, elfu kumi na nne na mia saba. Haifiki hata nusu ya deni langu.

Ya pili ni kwa baba mkubwa. Nilimkuta nje ya kanisa akisalimiana na watu.

“Shikamoo, baba mkubwa.”

“Marahaba, mwanangu. Unazidi kufanana na marehemu. Hata kutembea ni yeye.”

“Nasikia mwaka huu unawapa wachumaji mia mbili kwa debe.”

“Wale wa kutoka Kingerikiti. Mia mbili, ndiyo. Wageni wale.”

“Na mimi nataka kuchuma. Likizo yote, na shule ikifunguliwa nitakuja jioni na Jumamosi.”

Akaniangalia kwa furaha, kweli kabisa. “Njoo. Jasho la mtu wa ukoo huu halijawahi kupotea mkononi mwangu. Muulize mama yako.”

Sikumwuliza mama. Cha kuuliza nini? Debe nne kwa siku likizo nzima, halafu debe kumi kwa wiki hadi kahawa iishe. Inafika elfu thelathini na sita na chenji inabaki. Nimemwambia Eunice atafute mwingine wa kukaa naye kwa Meshack.

Jumatano, 7 Juni

Debe tatu. Baridi. Ukungu ulikaa bondeni mpaka saa nne.

Alhamisi, 8 Juni

Debe nne.

Jumamosi, 10 Juni

Malipo ya wiki. Baba mkubwa alikaa kwenye kigoda mbele ya nyumba, akawaita wachumaji wa Kingerikiti mmoja mmoja na kuwahesabia mkononi. Wa mwisho alikuwa Othmar, kijana mmoja mrefu mwenye mdomo. Nikasogea. Baba mkubwa akafunga kibweta.

“Wewe debe zako ninazo hapa,” akajigonga kichwani. “Ngapi?”

“Kumi na tano.”

“Kumi na tano. Ndivyo.”

Othmar alicheka njiani. “Dada, wewe mtoto wa nyumbani. Utalipwa ugali.”

“Na wewe zako utazinywa kabla ya Jumatatu,” nikamwambia.

“Lakini nitakuwa nimezinywa mimi.”

Mpuuzi. Mimi naona hivi ni bora. Fedha ikikaa nyumbani kwetu italiwa: chumvi, sabuni, mafuta ya taa. Ikikaa kwa baba mkubwa itatoka nzima.

Jumatatu, 19 Juni

Manyunyu tangu alfajiri. Vidole vimepasuka kwenye maungio, utomvu wa kahawa unaingia humo na kuuma. Mama amenipaka mafuta ya mgando. Amekuwa mpole siku hizi. Asubuhi ananiamsha mwenyewe na uji tayari.

“Usikose hata siku moja,” ananiambia. “Hata moja.”

Leo tuliingia katika mikahawa ya baba. Niliijua kabla sijaambiwa, kwa sababu aliipanda kwa kamba na mistari yake imenyooka mpaka chini kwenye kijito. Nakumbuka nikimshikia ncha ya kamba. Alikuwa akisema, “Vuta, Kunigunda, vuta, usinipindishie shamba.” Nimechuma humo debe nne na nusu. Mtu anachuma kahawa ya baba yake kwa kibarua. Nimeliandika hapa ili nisiliseme mahali pengine.

Ijumaa, 23 Juni

Debe nne.

Jumapili, 2 Julai

Likizo imeisha. Debe themanini na nane. Hiyo ni elfu kumi na saba na mia sita. Nilimtajia baba mkubwa, akasema ndivyo, themanini na nane, na akanisifu mbele ya wanawe kwamba hakuna kati yao aliyefika hamsini. Mtoto wake mkubwa alinitazama vibaya. Anitazame.

Jumanne, 11 Julai

Shule, halafu mlimani mbio, halafu kuchuma hadi giza. Debe moja.

Ijumaa, 14 Julai

Nililala kwenye kipindi cha fizikia. Mwalimu akanisimamisha nje. Nikalala nimesimama.

Jumamosi, 22 Julai

Eunice siku hizi ananuka vumbi la kahawa na kila asubuhi ana andazi. Ananikatia nusu. Jana aliniuliza, “Kwani wewe umeshapata ngapi mkononi?”

“Mkononi sina. Ziko kwa baba mkubwa.”

“Mh.”

“Mh nini?”

“Mh tu. Kwetu ziwani ukivuta wavu wa mtu, unachukua fungu lako palepale ufukweni kabla samaki hawajakauka.”

“Hapa si ziwani.”

Lakini lilinikaa. Shule inataka elfu mbili za karatasi za majaribio, kwa hiyo leo nilimwomba baba mkubwa anipe elfu mbili katika zangu. Alifikiri, akaingia ndani, akatoka na mia tano.

“Hii nakupa kama baba yako,” alisema. “Siyo ya kahawa. Ya kahawa usiiguse.”

Nilirudi moyo umetulia. Mtu anayetaka kukudhulumu angekupa hiyo mia tano na kuikata. Yeye ameitenga. Nimemwambia Eunice, akasema tena “Mh.”

Alhamisi, 3 Agosti

Upepo. Vumbi. Debe moja na nusu.

Jumamosi, 12 Agosti

Kitu cha ajabu kidogo. Mama Albina, jirani yetu wa ng’ambo ya kijito, leo alikuwa na ngokela, na mama aliitwa. Ngokela ni ile kazi ya zamu ya hapa kwetu: leo wote tuko kwa huyu na majembe, kesho kutwa kwa yule, mwenye shamba anapika na kutengeneza pombe, hakuna fedha. Tangu tumzike baba, mama hakuwahi kuitwa hata mara moja. Ana mikono miwili tu, wanasema, ukimlimia atakurudishia na nani? Leo kaitwa. Amerudi jioni ana tope mpaka magotini, anaimba. Kilian alinitazama kama kuuliza mama amelewa. Hakulewa. Amefurahi.

Labda watu wana huruma kuliko nilivyofikiri. Nafuta baadhi ya niliyowahi kuwasema.

Jumapili, 27 Agosti

Debe mia moja sabini na mbili. Kahawa imepungua mitini, sasa ni kuokotea. Barabarani kila siku magari ya kampeni yenye vipaza sauti, kila chama na wimbo wake. Wote wanaahidi bei ya kahawa. Baba mkubwa anawasikiliza ameshika kiuno. “Zamani chama cha ushirika kilinikopesha mbolea na dawa, kikakata kwenye kahawa,” alisema. “Meshack namkopa nini? Anakuja na mzani tu.”

Jumapili, 10 Septemba

Mwisho. Tumechuma mpaka zile nyeusi zilizokaukia mtini. Jumla debe mia moja themanini na saba. Mara mia mbili, elfu thelathini na saba na mia nne. Nikilipa shule nabaki na elfu moja mia nne. Kilian atapata kandambili, mama kitenge cha mitumba, mimi kalamu nzuri ya kufanyia mtihani.

Nimeoga kwa maji ya moto. Nimelala mchana kwa mara ya kwanza tangu Juni.

Jumatano, 20 Septemba

Baba mkubwa ameuza. Gari la Meshack lilipanda mpaka mlangoni, magunia ishirini na mawili. Jua kali, milima yote inaungua, watu wanachoma majani kabla ya mvua. Moshi unaingia darasani.

Ijumaa, 22 Septemba

Nimepita kwa baba mkubwa. Hayupo, ameenda mjini. Uani kuna mabati mapya thelathini na mifuko ya mbolea.

Jumapili, 24 Septemba

Nitaandika yote kama yalivyokuwa.

Nilikwenda baada ya misa. Alikuwa ameketi na mke wake wanakula viazi vitamu. Nikakaribishwa, nikala kimoja kwa heshima.

“Baba mkubwa, Ijumaa hii shule inafunga orodha. Nimekuja kuchukua za debe.”

“Za debe gani?”

“Zangu. Mia moja themanini na saba.”

“Naijua hesabu,” akasema. “Mia moja themanini na saba. Nami niliitaka siku hii uje mwenyewe nikwambie.” Akanawa mikono. “Mchumaji mzuri ni debe nne kwa siku. Umenifanyia kazi ya siku arobaini na saba za mtu mzima. Sasa sikiliza. Wapo watu wenye kazi yangu mikononi mwao, kijiji hiki na kijiji cha pili, nimewalimia miaka. Nimewaita wote. Jumamosi nawaleta kwa mama yako watu hamsini. Arobaini na saba ni deni, watatu ni zawadi. Watalima lile shamba lote, na lile pori ambalo halijaguswa tangu ndugu yangu afe. Mahindi yenu yatakuwa ardhini mvua ya kwanza. Nani mwingine amewahi kurudishiwa ngokela ya watu hamsini kwa siku moja? Nitajie.”

Nilisikia maneno lakini sikuelewa. Nikasema, “Na fedha?”

“Fedha ipi?”

“Mia mbili kwa debe. Ulisema mia mbili kwa debe.”

“Niliwataja wageni. Wewe ni mgeni?”

“Othmar alilipwa kila Jumamosi mbele yangu.”

“Othmar nitamwona wapi tena? Mtu wa kupita unamlipa anapita.” Sasa alikuwa amekunja uso, si kwa hasira. Ameumia. “Kunigunda, ukimlipa mtu fedha mmemalizana. Ndicho unachotaka? Mimi na watoto wa marehemu tumalizane?”

“Nataka kufanya mtihani.”

“Fedha yenyewe iko pale.” Akanionyesha uani. “Mabati, mbolea, na deni la dawa. Ungeniambia Juni ‘baba mkubwa, nataka fedha kama mtu wa Kingerikiti,’ ningekukatalia Juni ileile, ukaenda kwa Meshack. Hukusema. Nikakwambia muulize mama yako. Ulimwuliza?”

Mke wake akasema kwa upole, “Mwanangu, kula basi kiazi kingine.”

Kitu kinachonichoma ni hiki: nimeirudia hesabu yake njia nzima na haina kosa. Arobaini na saba ndiyo. Hata kanizidishia.

Jumatatu, 25 Septemba

Jana sikusema na mama. Leo nilimkuta anapura ulezi wa pombe. Ulezi ule ulikuwa wa mbegu.

“Ulijua,” nikasema.

Hakujifanya. “Nilijua.”

“Tangu lini?”

“Tangu ulipoanza. Kila mtu alijua. Unafikiri Mama Albina aliniita kwa nini? Aliona una mikono, unachuma kwa Pankras, akajua Pankras atanirudishia kwa watu, nami nimeingia tena kwenye zamu. Nimerudi kuwa mtu.”

“Kwa nini hukuniambia?”

“Ungekwenda?”

Nikaokota punje zilizoruka pembeni.

“Haya,” akasema, akaendelea kupura. “Mwaka jana nililima peke yangu. Mahindi yaliisha Desemba. Unakumbuka Januari na Februari tulikula nini? Wewe shuleni ulipata uji wa saa nne. Kilian alikula majani ya maboga mpaka akavimba uso. Shule yako itatulisha mwaka gani? Niambie wewe unayejua hesabu.”

Nilichoweza kusema ni, “Basi tumwuze mbuzi. Tuombe mkuu apokee elfu nane.”

Mama akaacha mpini, akanitazama kama mimi ndiye nisiyejua kitu.

“Watu hamsini, Kunigunda. Watakula nini?”

Jumatano, 27 Septemba, njiani kutoka Mbamba Bay

Eunice amenipa akiba yake yote, elfu tatu, na barua kwa baba yake. “Mzee anakausha usipa, dagaa wa ziwani, wakati mwingine ana fedha,” alisema. Jana nilishuka na lori la mahindi. Njia inateremka na kujipinda mpaka masikio yanaziba, halafu joto linakupiga kama umefungua tanuri. Sikuwahi kuliona ziwa. Halina ng’ambo.

Baba yake Eunice alikuwa akigeuza usipa kwenye vichanja. Alisoma barua amesimama, akasoma tena.

“Mwanangu, umekuja giza la mwezi, samaki wamejaa mpaka hawana bei,” akasema. “Wanaonunua wanataka kulipa mwezi ujao. Samaki ninao. Fedha sina.” Akanijazia gunia nusu. “Hili silidai. Eunice anasema unamfundisha hesabu.”

Nililala kwa shangazi yake. Usiku kucha nilisikia maji. Asubuhi hii nimepanda gari la kurudi, na nauli ya kwenda na kurudi imemaliza elfu mbili na mia nne. Nimekwenda kutafuta fedha nikarudi na kitoweo cha watu hamsini.

Alhamisi, 28 Septemba

Ofisini kwa mkuu wa shule.

“Umeleta ngapi?”

“Mia sita, mwalimu.”

Alivua miwani. Sikulia, nilikumbuka risiti. Nikamweleza yote, debe, ngokela, watu hamsini. Alisikiliza vizuri kuliko nilivyotegemea.

“Mimi pia nimekulia huku,” alisema mwishoni. “Najua ngokela. Baba yako mkubwa ni mtu mwema. Lakini wizara inataka fedha. Sasa nifanyeje, nifunge majembe hamsini kwenye bahasha niyapeleke Dar es Salaam?”

“Hapana, mwalimu.”

“Ungekuwa na nusu ningekuandika. Walioleta nusu nimewapa mpaka Januari. Wewe utarudia kidato cha tatu mwakani, ukilipa hili deni na ada mpya.”

Nusu ni elfu kumi na nane. Kwa Meshack ningepata kumi na nne na mia saba. Na mbuzi, elfu nane. Ishirini na mbili na mia saba. Nilikataa kwa sababu haikufika nusu, na nusu ndiyo iliyotakiwa, na mbuzi alikuwepo.

Ijumaa, 29 Septemba

Saa nane ilinikuta nachota maji ya pombe. Mbuzi amechinjwa saa tisa. Kilian alikataa kushika miguu.

Jumamosi, 30 Septemba

Walikuja na ukungu. Kwanza tulisikia nyimbo, halafu majembe mabegani yakatokea kwenye kona ya njia, mengi, mpaka Kilian akaacha kuhesabu. Wanaume walitangulia kufyeka lile pori, wakakusanya majani, wanawake wakafuata wakilima na kuyafukia. Hakuna aliyepiga soga. Baba mkubwa mwenyewe alishika mstari wa pembeni kabisa wenye mawe, mahali ambapo mtu mwingine angemwachia kijana. Hakuinuka mpaka saa sita. Mgongo wake wote ulikuwa umelowa.

Sikutaka kuona kwamba ni kazi nzuri, lakini ilikuwa kazi nzuri. Saa kumi hapakuwa na pori. Shamba limekaa kama mkeka uliotandikwa, kutoka mlangoni kwetu mpaka kwenye kijito. Baba hakuwahi kulilima lote namna ile.

Mimi na Mama Albina tuligawa ugali, mbuzi na usipa. Wengine hawakuwa wamekula usipa wapya kiasi kile mwaka huu, wakamshangilia mama. “Mama Kunigunda, leo umetuleta ziwani!” Mama alikuwa anazunguka na kata ya pombe, kitambaa kimemwanguka shingoni, anajibu utani wa kila mtu. Mzee mmoja akamwambia, “Jumamosi ya pili kutoka leo ni kwangu, usichelewe.” Mama akajibu, “Mimi nilichelewa lini?” Sauti ile sikuwa nimeisikia tangu mazishi.

Halafu baba mkubwa akasimama. Kwa kawaida yetu aliyeleta watu huuliza mbele ya wote, anayedai deni hujibu mbele ya wote, na likishajibiwa halifufuliwi. Nilidhani atamwuliza mama.

“Kunigunda,” akaita. “Njoo hapa mbele, mwanangu. Jasho ni lako. Hawa wote ni mashahidi.” Watu wakasogea, hata watoto. “Jasho lako limerudi?”

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nalo tangu Jumapili, na lina tarakimu. Elfu thelathini na saba na mia nne, baba mkubwa. Halijarudi. Ningelisema wangelisikia watu hamsini, na kabla ya jua kuzama lingekuwa Kingerikiti.

Nikamtafuta mama kwa macho. Alikuwa ameinamia chungu, anakikwangua, na chungu kilikuwa kimeshakwisha. Hakuinua uso. Aliendelea kukwangua.

“Limerudi,” nikasema.

“Hatukusikia huku nyuma!”

“Limerudi, baba mkubwa. Lote.”

Vigelegele. Baba mkubwa akaniwekea mkono kichwani, mkono mzito wenye udongo, na macho yake yalikuwa na machozi. Ya kweli. Nilisimama chini ya mkono ule mpaka alipouondoa mwenyewe.

Jumatatu, 2 Oktoba

Eunice ameingia darasani. Yumo kwenye orodha. Mimi nimekwenda kwa Meshack na mia sita yangu mfukoni. Msimu unamalizika, amebakiwa na kazi ya wiki tatu. Sikukaa.

“Siku nzima ngapi?”

“Si unajua, mia tatu na hamsini.”

“Ya nini?”

“Ya nini vipi, dada? Ya kuchambua.”

“Fedha?”

“Sasa nikulipe mawe?”

“Lini?”

“Jioni.” Alianza kucheka, akawatazama wasichana wengine. “Huyu vipi, katoka polisi?”

“Sema mbele yao. Fedha, leo, jioni.”

“Haya. Fedha. Leo. Jioni. Kaa basi, ungo ule pale.”

Nikakaa. Jioni amenipa noti na sarafu, nikazihesabu mbele yake, wasichana wakacheka tena.

Nyumbani nimemkuta mama akinoa majembe mawili. Deni la baba mkubwa limekwisha, kasema, lakini wale watatu wa zawadi hawakuwa kwenye hesabu, na zawadi ya jembe nayo hurudi. Wa kwanza wao ni shemeji yake Mama Albina. Kazi ni Jumamosi hii. Jumamosi ni siku ya mia tatu na hamsini.

“Sikumwomba hao watatu,” nikasema.

“Wamekula mbuzi wako,” mama akasema. “Wamelima shamba lako.”

Nimekaa kizingitini nikatazama lile shamba. Wingu limekaa upande wa ziwa, la kwanza mwaka huu, na harufu ya mvua ipo ingawa haijafika. Mahindi yatakuwa mengi, hilo halina ubishi. Yakivunwa tutakula mpaka tusaze, na cha kusaza kina bei.

Nimemwambia mama nitakwenda. Jumamosi tatu kwa watu watatu, mia tatu na hamsini mara tatu, naiandika hapa kama fedha niliyolipa mimi. Ila akija wa nne na zawadi, asimpokee mpaka aniulize.

Mama alijaribu makali kwa kidole gumba, akanipa jembe lile jepesi.